Re: Wachezaji wa futiboli ya Marekani wanamalizaje digrii miaka mitatu?

Mkuu umeuliza inakuwaje mtu anacheza futiboli ya chuo kule Marekani (ile ya kukimbia na mpira mkononi, si soka), mazoezi kila siku, halafu anamaliza digrii miaka mitatu wakati wenzake wanasota minne. Jibu kubwa ni likizo. Digrii nyingi kule ni krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa masomo), na wachezaji majira ya joto wanabaki kampasi kwa ajili ya mazoezi, sasa kama upo pale na skolashipu mara nyingi inalipia hayo masomo ya kiangazi si unachukua tu, ukijumlisha miaka miwili mitatu umeshaokoa semista nzima au zaidi. Wengine wanamaliza sekondari Desemba, Januari wako chuo tayari. Msimu wa mechi wanabeba krediti kama 12 hivi, mzigo mkubwa wanausogeza mechi zikiisha, na wana washauri wa masomo wa kwao kabisa.

Pia kumaliza mapema kunafungua milango, mchezaji Joe Burrow alichukua digrii yake chuo cha Ohio State 2018 akahamia chuo cha LSU (Louisiana), mwaka uliofuata akabeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Ila mimi ninayemkubali kuliko wote ni Myron Rolle, alimaliza chuo cha Florida State miaka miwili na nusu tu, akapata skolashipu ya Rhodes akaenda kusoma Oxford, Uingereza, leo ni daktari wa upasuaji wa ubongo!!

Kama una dogo anaenda huko mwambie achague kozi mapema, maana kubadilisha katikati ndiko kunakula muda wa watu.