Maswali yenu ya homa ya ini na kansa ya ini, haya hapa majibu

Jamani tangu niandike kuhusu homa ya ini simu imejaa meseji, nimechukua yale yanayojirudia. Wengi mnaniita dokta, mimi sio dokta, ni mtu wa maabara, nimepima damu huku kusini miaka mingi, kwa hiyo naongea ninachokijua na majibu yako bado unayapeleka kwa daktari. Afu kitu kimoja kabla hatujaanza, homa ya ini sio homa ya manjano. Homa ya manjano inaletwa na mbu, hii sio, hii ni ya virusi vinavyoshambulia ini, hasa B na C, macho ya njano ndo yanawachanganya watu.

Bodaboda, Masasi: "Nilienda kumtolea ndugu yangu damu wakanikataa wakasema nina homa ya ini B. Siumwi chochote, napiga kazi kama kawaida. Hicho kipimo si kimekosea?"

Pole kaka. Kipimo kinaweza kukosea, ndo mana kinarudiwa, rudia. Ila kutoumwa sio ushahidi wa kwamba huna. Pale maabara tunaweka tone la damu kwenye kile kikaratasi, tunasubiri kama robo saa, mstari wa kwanza ni wa kuonyesha kipimo kizima, wa pili ukitokea hata kama umefifia kama umechorwa na penseli basi protini ya ganda la kirusi ipo kwenye damu yako. Protini hiyohiyo ndo Baruch Blumberg, mtafiti wa Marekani, aliikuta kwenye damu ya mwenyeji wa asili wa Australia akaiandika mwaka 1965, na wala hakuwa anatafuta homa ya ini, ilichukua miaka mingine mpaka ikajulikana ni ya kirusi hiki. 1976 akapewa Nobel, na 28 Julai tunayoadhimisha kila mwaka kama siku ya homa ya ini duniani ni siku aliyozaliwa.

Kwa nini huumwi? Kuna uwezekano mkubwa uliupata ukiwa mdogo. Mtoto mchanga akiambukizwa, kama 9 kati ya 10 wanabaki nao, mwili wake haujajua kupigana nao kwa hiyo wanaishi pamoja kimya kimya miaka 30, 40. Mtu mzima akiambukizwa wanaobaki nao hawafiki 5 kati ya 100. Sasa fanya hivi, rudia baada ya miezi 6, ukiwa bado upo ndo unaitwa sugu, uliza wakupime wingi wa virusi, ini linafanyaje kazi, na ultrasaundi. Mke na watoto wapimwe, wasio nao wachanjwe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 watu milioni 254 wanaishi na B, hauko peke yako kaka.

Dada, Newala: "Baba alifariki mwaka jana, tumbo lilijaa maji, macho njano, alikonda ndani ya miezi mitatu tu. Kijijini wanasema ni baba mdogo kamtupia kitu kwa sababu ya mikorosho. Sasa ndugu hatuongei."

Dada yangu pole sana, hili swali nimelisoma mara nyingi. Siwezi kukwambia baba aliumwa nini mana sijaona majibu yake. Ila nikwambie ninachokiona maabara, mtu mwenye nguvu zake, mkulima, miaka 40 au 50, anakuja tumbo limetanuka na miguu imevimba, ndugu wanasema mwezi wa pili alikuwa anapalilia. Kwa macho ya watu ni ghafla, na kitu cha ghafla watu wanakitafutia mtu. Lakini kwenye ini sio ghafla hata kidogo. Ini lenyewe haliumi, linaliwa polepole, linapata makovu, na kirusi B kina tabia ya kujichomeka ndani ya vinasaba vya seli za ini kwa hiyo wakati mwingine kansa inaanza hata makovu hayajawa mengi.

Na hili sio la kubahatisha. Kule Taiwan mtafiti Palmer Beasley na wenzake walipima damu ya wanaume 22,707, wengi wafanyakazi wa serikali, kuanzia miaka ya 1970 katikati, wakawafuatilia kuona nani ataumwa nini. Mwaka 1981 wakatoa majibu. Waliopata kansa ya ini walikuwa 41, na 40 kati yao walikuwa na kirusi B tangu mwanzo. Arobaini dada. Mmoja tu hakuwa nacho, wakati wasiokuwa na kirusi ndo walikuwa wengi zaidi, kama elfu kumi na tisa. Hatari ilizidi mara mia mbili na kitu. Kabla ya hapo watu walibishana kama kirusi kinaleta kansa au kansa inakaribisha kirusi, baada ya hapo ubishi ukapungua sana mana hawa walikuwa nacho kabla hawajaumwa.

Ninachokuomba, pimeni wote mliozaliwa na baba, na mama, na huyo baba mdogo pia. Kama yeye na baba walilala tumbo moja inawezekana wamebeba kitu kimoja, na pengine anayenyooshewa kidole naye anahitaji kupimwa haraka kuliko mtu yeyote hapo. Mkimfukuza hamtajua, na yeye hatajua.

Mama wa genge, Nachingwea: "Karanga zikiota ukungu nikizikaanga sana sumu si inaisha?"

Haiishi mama. Kukaanga kunapunguza kiasi tu, hakumalizi, kuchemsha ndo kabisa hakusaidii. Hii ndo sumukuvu, inatoka kwenye kuvu wa rangi ya kijanikijani njano. Ilijulikana baada ya bata mzinga zaidi ya laki moja kufa Uingereza mwaka 1960 kwa sababu ya chakula chenye mashudu ya karanga. Na ikikutana na kirusi B hazijumlishani, zinazidishana. Utafiti wa Shanghai uliotolewa 1994 kwa wanaume zaidi ya elfu 18 ulionyesha ukilinganisha na asiye na chochote, mwenye alama za sumukuvu mwilini peke yake hatari yake ya kansa ya ini ilikuwa kama mara 3, mwenye kirusi peke yake kama mara 7, mwenye vyote viwili karibu mara 60.

Nachingwea ni nchi ya karanga toka enzi za ule mradi wa Waingereza wa 1947 na kabla, kwa hiyo hili ni letu. Na nasema kwa kuumia, nimekaa na akina mama wakichambua kwenye ungo, zile nene nyekundu zinapangwa mafungu ya kuuza, zilizosinyaa, zilizotoboka, zenye unga unga zinarudi nyumbani kutwangwa kwenye kisamvu cha watoto. Hizo ndo zenye sumu nyingi mama! Zitupe, usimpe hata kuku. Na wanaonyunyizia maji maganda yalainike kubangua waache, maji ndo chakula cha kuvu. Anika juu ya turubai sio chini kwenye udongo, weka mahali pakavu.

"Tunakula sahani moja na mtu mwenye B, tutapata?" (wameuliza watu wanne)

Hapana. Sahani, mkono, kukumbatiana, kikohozi, hapana. Ni damu, ngono, mama kwenda kwa mtoto, wembe, mswaki.

Mjamzito, Tandahimba: "Nimekutwa nayo kliniki. Mtoto atazaliwa nayo? Ninyonyeshe?"

Nyonyesha mdogo wangu, bila wasiwasi. Kuhusu kuzaliwa nayo, kunazuilika. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate chanjo ya B ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, na mama mwenye virusi vingi anapewa tenofovia, dawa ya kubana virusi, wakati wa ujauzito. Ratiba yetu ya kawaida ya ile chanjo ya tano kwa moja, ambayo B imo ndani yake, ni wiki ya 6, 10 na 14, kwa hiyo usisubiri siku ya uchungu, waulize sasa hivi kliniki hiyo ya saa 24 inapatikana wapi, na ujifungulie hospitali. Taiwan walianza kuchanja watoto 1984 na ndani ya miaka kumi kansa ya ini kwa watoto wa shule ilishuka kama nusu, yaani hii ni chanjo ya kansa kabisa.

Baba, Lindi mjini: "Nimepewa tenofovia, jirani kaona kopo anasema ni ARV. Nimeacha."

Rudi leo kwa daktari, usiache mwenyewe. Dawa ni ileile kweli, mana inazuia virusi vya aina zote mbili kujinakili, ila kuimeza hakukufanyi uwe na Ukimwi. Ukiikata ghafla virusi vinaweza kuamka vyote kwa mkupuo na ini likafeli. Haimalizi B, inaibana, na ini ambalo kirusi chake kimebanwa hivyo lina nafasi ndogo ya kupata kansa. Homa ya ini C ndo inapona kabisa, vidonge vya wiki 8 mpaka 12, wanapona zaidi ya 95 kati ya 100, ila haina chanjo.

Mzazi, Mtama: "Mwanangu anaingia jandoni likizo hii, ngariba wetu anatumia kisu cha babu yake."

Kisu kipumzike. Kirusi B kinaishi kwenye damu iliyokauka siku 7 au zaidi, kupangusa na kitambaa hakufanyi kitu. Jando libaki, ngoma zibaki, mafunzo yabaki, ila kila mtoto wembe wake mpya au mtu wa afya akate. Na tafuta kadi yake ya kliniki, chanjo ya B iliingia kwenye ratiba ya nchi 2002 kwa hiyo kama alimaliza zile tatu yuko vizuri. Wewe mzazi ndo uliyezaliwa kabla, siku ukimleta mtoto kunja shati na wewe nikutoe tone moja.