Kombi kuzima kwenye taa

Kaka, Kombi ya Volkswagen ya 1973, injini 1600 yenye kabureta moja ya Solex, ikienda vizuri barabarani halafu ikakosa sailensa (mzunguko wa chini wa injini gari ikiwa imesimama) kwenye taa za barabarani, pampu usiiguse bado.

Kabla ya yote kunja mipira ya mafuta kwa vidole. Wangu ulionekana mzima. Nilipoukunja, petroli ikachuruzika juu ya injini ya moto. Wenye nyufa badilisha leo, nakuomba.

Kisha tafuta kifaa cha duara chenye waya mmoja ubavuni mwa kabureta, kinachofungua petroli ya sailensa (si choki). Fungua swichi bila kupiga stata, chomoa waya, rudisha. Usiposikia "tak", umeme haufiki au kimekufa. Kikilia, huenda jeti ya sailensa (kitundu kinachopitisha petroli yake) imeziba: ipulize kwa upepo, usiichokonoe, tundu litapanuka.