Aksolotli na joto la Lamu: hali kitu, anaelea, ameota pamba

Swali: Asalaam aleikum. Nakaa Langoni, Lamu. Ndugu yangu aliniletea aksolotli kutoka Nairobi, ana urefu wa sentimita 18 hivi. Nimemweka chumba cha chini kwenye tangi la kioo la lita 60, na feni inapuliza juu ya maji kutwa kucha. Maji ni ya kisima, nayabadilisha yote kila siku ya pili, na kichujio nakiosha kwa sabuni kila Ijumaa. Chini nimetandaza changarawe nyeupe, na ana wenzake wawili, samaki wa dhahabu. Wiki mbili za mwanzo alikula vizuri. Sasa ni siku ya sita hali kitu, anaelea juu, na yale manyoya ya kichwani yamejikunja kuja mbele na yameota kitu cheupe kama pamba. Kipimajoto kinasoma 28. Nimpe dawa gani?

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Usinunue dawa kwanza. Hiyo pamba ni ukungu wa majini, na ukungu huo haukuanzisha ugonjwa. Umemkuta mnyama ameshadhoofika ukaota juu yake. Kilichomdhoofisha umekitaja mwenyewe mwishoni: nyuzi 28.

Aksolotli ni salamanda (jamaa ya chura, ila ana mkia) wa Meksiko, asili yake ziwa Xochimilco na mifereji yake iliyobaki ndani ya jiji la Mexico, kwenye kimo cha mita 2,240 hivi juu ya bahari. Maji ya huko ni baridi. Salamanda wengi huanza maisha majini kama viluwiluwi, kisha hupoteza matamvua na kutoka nchi kavu. Huyu hubaki na umbo la utotoni mpaka kufa, na huzaa akiwa nalo. Hayo unayoyaita manyoya ndiyo matamvua yake ya kupumulia, vishina vitatu kila upande. Ana mapafu pia, lakini hafifu, na hewa nyingine huipata kupitia ngozi. Maji ya nyuzi 16 hadi 18 ndiyo raha yake. Kwenye 20 anavumilia. Kuanzia 24 anaumia, na akikaa hapo wiki nyingi kwa kawaida hufa.

Joto humpiga kwa njia tatu kwa pamoja. Maji ya nyuzi 18 hubeba miligramu 9.5 hivi za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 28 hayafikishi 8, na wakati huohuo mwili wake uliopashwa moto unadai oksijeni zaidi. Ndiyo maana anapanda juu kugugumia hewa, na hewa ile ikijaa tumboni anaelea. Pili ni amonia inayotokana na mkojo na kinyesi chake. Si amonia yote iliyo sumu. Kuna sehemu tu, na sehemu hiyo hukua maji yakipata joto. Kwenye maji ya pH 8 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi ya maji), kama ya visima vingi vya pwani, kutoka nyuzi 18 kwenda 28 sehemu ya sumu huongezeka karibu mara mbili. Tatu, kinga ya mwili hushuka, ndipo ukungu ukapata pa kukaa.

Sasa mambo ya leo hii. Chukua chombo cha plastiki cha chakula cha lita 4 au 5, kipya, ambacho hakijawahi kuonja sabuni, na mfuniko wake ukitoboe. Mtie humo kwa maji safi yasiyo na klorini. Usimrushe kutoka 28 hadi baridi kali kwa mara moja. Mshushe nyuzi 2 au 3 kwa saa, kwa kuweka chupa ya barafu iliyofungwa vizuri pembeni ya chombo, mpaka afike 18. Alale hapo usiku. Kesho mwingize kwenye friji, shelfu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma unaogandisha, kwenye nyuzi 6 hadi 8. Kila siku badilisha maji yote kwa mengine yaliyolala humo humo frijini, ili joto lilingane. Baridi hiyo hupunguza mwendo wa ukungu, na yeye hahitaji chakula kingi. Asipokula wiki nzima akiwa frijini si jambo la kukutisha. Friji inayofunguliwa kila dakika haifai, kwa hiyo waambie watu wa nyumbani mapema, hasa kama kuna watoto na juisi iko shelfu hilohilo.

Pamba yenyewe itoe kwa chumvi. Vijiko 2 vya chai vya chumvi kwa lita 1 ya maji yenye joto sawa na alikotoka, dakika 10, asubuhi na jioni, siku 3 hadi 5. Tumia chumvi ya mawe isiyotiwa iodini. Saa iwe mkononi: ukipitisha dakika 15, chumvi huanza kuunguza ngozi na matamvua yenyewe. Akianza kurukaruka mtoe kabla ya muda. Usivute pamba kwa kibanio, utang'oa nyama pamoja nayo. Nyuzinyuzi za matamvua zikianguka zitaota upya, maana mnyama huyu huotesha hata mguu mzima.

Haya yote ni ya kumwokoa tu. Akirudi kwenye tangi la nyuzi 28 utaandika swali hilihili mwezi ujao, kwa hiyo tuangalie tangi.

Feni haitakufikisha. Feni hupoza maji kwa kuyavukiza, na mvuke hutoka vizuri hewa ikiwa kavu. Lamu hewa imeshiba unyevu. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, maji hayawezi kushuka chini ya 26 kwa feni, hata ukiweka feni kumi. Ndiyo sababu ushauri wa feni unaowafaa watu wa sehemu zenye hewa kavu haukukusaidia wewe. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe husaidia kwa kuzuia jua la mchana, hivyo chumba chako cha chini ndicho mahali sahihi, lakini ukuta haushushi joto chini ya wastani wa hewa ya mji.

Barafu je? Hesabu yake ni hii. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka na kufika nyuzi 18 hushusha lita 100 za maji kwa nyuzi 1 hivi. Tangi lako la lita 60 likiwa wazi, kioo pande zote, nyuzi 10 chini ya chumba, hunyonya joto la wati 50 au zaidi kidogo. Hizo ni kilo 10 za barafu kila siku, mchana na usiku. Nani atakesha? Halafu joto hupanda na kushuka kila chupa inapoisha, na kupandashuka huko kunamchosha kama joto lenyewe. Kwa dharura sawa, tena barafu ya wavuvi inapatikana. Ila isiguse maji yake kamwe, kwa kuwa ina harufu ya samaki na hujui imepita wapi. Ijaze ndani ya chupa za lita 1.5 na uzifunge.

Kabla ya kununua chochote, valisha tangi. Yale maboksi meupe ya foomu ya kusafirishia samaki, yenye unene wa sentimita 4 au 5, yaoshe vizuri, uyakate, uyabandike nyuma, pembeni mbili na chini, na mfuniko pia, uache nafasi ya mpira wa hewa. Kioo cha mbele ndicho peke yake kibaki wazi. Joto linaloingia hupungua kwa zaidi ya nusu. Kazi ya jioni moja, na hakuna mashine itakayokupa faida kama hiyo kwa bei hiyo.

Baada ya hapo ndipo inakuja mashine ya kupozea maji yenye kompresa, ile yenye gesi kama friji. Vile vidude vidogo vya umeme visivyo na kompresa hushusha nyuzi chache tu na kwa hapa ni pesa kutupwa baharini. Kwa lita 60 hadi 100 zilizovalishwa foomu, nguvu ya moja ya kumi ya farasi (1/10 HP) inatosha. Mashine hutoa joto lake chumbani, basi iweke karibu na dirisha au upande wa pili wa ukuta, si ndani ya kabati. Hewa ya chumvi hula mapezi yake ya nyuma: zima, yapanguse kwa brashi laini na maji matamu kila mwezi, yakauke ndipo uwashe. Jambo moja wengi hawalitegemei: kioo cha mbele kitatoka jasho kama bilauri ya maji baridi. Jasho hilo likichuruzika kwenye meza ya mbao linaivimbisha, na likifika kwenye soketi ni hatari. Nyaya zote zipitishe chini kisha zipande kuelekea soketi, ili matone yadondoke kabla ya kufika. Stima ikipotea, foomu itakupa saa kadhaa. Weka chupa mbili za barafu kwenye friza daima.

Maji ya kisima hayana lawama kubwa. Aksolotli hapendi maji laini. Ugumu wa maji ya mawe ya matumbawe unamfaa, na pH ya 7.4 hadi 8 anaivumilia. Hata chumvichumvi kidogo haimdhuru, kwani maabara kadhaa humfuga kwenye maji yenye gramu 1.4 hivi za chumvi kwa lita. Ukionja na ulimi ukasema haya ni maji ya bahari, changanya na ya mvua. Maji ya mvua peke yake usitumie, hayana madini. Ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi saa 24 huku pampu ya hewa ikiyapuliza.

Kosa liko kwenye sabuni ya Ijumaa. Sponji ya kichujio ni makazi ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati isiyo kali. Kila ukiiosha kwa sabuni unawaua wote, halafu amonia inapanda, halafu unabadilisha maji yote kuishusha. Osha sponji ndani ya maji uliyoyachota kutoka tangini, minyo miwili mitatu basi. Badilisha asilimia 20 hadi 25 ya maji kwa wiki. Na kwa kuwa sasa tangi liko tupu, una bahati moja ya pwani: bakteria hao hupenda joto la Lamu. Acha tangi na kichujio vifanye kazi kwenye nyuzi 28 bila mnyama, na kipande cha kamba (yule wa baharini) ukubwa wa ukucha kioze ndani. Pima kwa vipimo vya matone. Amonia itapanda na kushuka, nitriti itafuata vivyo hivyo. Vyote viwili vikisoma 0 siku kadhaa mfululizo, mara nyingi baada ya wiki 3 au 4, toa mabaki, badilisha nusu ya maji, ndipo upoze polepole hadi 18. Nitrati isipite miligramu 40 kwa lita, na chini ya 20 ni bora. Hatarudi mapema, basi akitoka frijini baada ya wiki moja au mbili mpandishe taratibu vilevile, akae kwenye beseni la lita 20 lenye chupa za barafu na maji mapya kila siku.

Changarawe itoe yote. Aksolotli hali kwa kuuma, hufungua kinywa ghafla na kuvuta maji pamoja na kilichomo. Kokoto ikipita hukwama utumboni, na kuelea na kutokula huweza kutokana na hilo pia. Chini pawe patupu au mchanga laini usiozidi milimita 1. Mchanga wa kuchota dondoshea ndimu kwanza. Ukitoa povu una chokaa, uache. Wa vilima vya Shela usiuguse, ndio unaohifadhi maji ya mji.

Samaki wa dhahabu nao waondoke. Wanadonoa matamvua, na akiwameza si chakula kizuri, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Chakula chake ni nyungunyungu, mmoja au wawili kila siku ya pili kwa ukubwa huo, waliochimbwa pasipomwagwa sabuni wala dawa ya wadudu. Kamba mbichi aliyemenywa, mara moja moja. Asipokula ndani ya dakika 10, kitoe. Wala usimtie kwenye birika ya kuhifadhia maji ale viluwiluwi vya mbu kama visamaki tunavyofuga humo: birika haina baridi, na salamanda si mnyama wa nchi hii, asiachiwe kwenye maji yoyote ya nje. Muulize pia nduguyo kama ana karatasi za alikonunua, kwa sababu aksolotli yuko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kwa Kenya vibali vyake viko kwa KWS, shirika la wanyamapori.

Na kama mashine ya kupozea haiwezekani, mrudishe bara. Nairobi ni afadhali, Limuru ni bora zaidi, kimo chake kinakaribia cha Xochimilco. Mrudishe akishakaa sawa siku tatu bila pamba. Siku mbili kabla asile. Mfuko wa plastiki mara mbili, theluthi moja maji na mbili hewa, ndani ya boksi la foomu, na chupa ya barafu iliyoviringishwa taulo isiguse mfuko. Akipanda ndege Manda asubuhi atafika na baridi yake. Akienda kwa basi kutoka Mokowe, mpe anayesafiri naye chupa ya pili, aibadilishe njiani.