Lumpy Gravy: namna ya kuisikiliza mpaka mwisho

Anayeizima albamu hii dakika ya tano mara nyingi alikuwa akingoja wimbo uanze. Hauanzi. Lumpy Gravy ya Frank Zappa, mwanamuziki wa Marekani, iliyotoka 1968, ina pande mbili tu, kila upande karibu dakika 16. Humo mmesongamana okestra, gitaa za roki, porojo za watu, kelele na vicheko. Isikilize kama kanda iliyokatwa kwa wembe na kuungwa upya, maana ndivyo ilivyotengenezwa.

Okestra ilirekodiwa mwaka 1967 katika studio za kampuni ya rekodi ya Capitol. Zappa hapigi ala humo, yeye ni mtunzi na kiongozi wa okestra. Mgogoro wa mkataba ulipokwamisha toleo la kwanza, aliirudia kazi, akaikatakata na kuchomeka mazungumzo yaliyorekodiwa New York. Wazungumzaji waliingiza vichwa ndani ya piano kubwa huku pedali ikiwa imekandamizwa kwa uzito. Pedali ikishuka, nyuzi zote huwa huru, kwa hiyo kila neno linazitikisa na kuacha mvumo nyuma yake. Mvumo huo ndio gundi ya albamu nzima. Spika ndogo ya simu huumeza wote, ukabaki na watu wanaobwabwaja tu. Tumia hedifoni zinazofunika masikio.

Kabla ya kuanza, zima uchezaji wa kuchanganya mpangilio. Zima pia ile mipangilio inayofifisha mwisho wa kipande na kuuingiza kwenye mwanzo wa kingine. Kuna matoleo yaliyogawa kila upande katika vipande vingi vidogo, na hapo kufifisha huko huharibu maungio, nayo maungio ndiyo utani wenyewe. Kwenye matoleo hayo kusawazisha sauti kipande kwa kipande nako hakufai, kwa sababu fidla za taratibu zinaweza kupandishwa zikaribie mlipuko unaofuata, na mshtuko uliokusudiwa utapotea. Pima sauti kwenye sehemu yenye kelele, kisha usiiguse tena.

Mara ya kwanza sikiliza dakika zote 32 bila kusimamisha wala kusoma chochote. Hutaelewa, na haidhuru.

Mara ya pili shika kalamu. Kila muziki unapokatika ghafla, andika dakika na sekunde, na maneno mawili: kilichokatwa, kilichofuata. Upande wa kwanza pekee utajaza ukurasa. Ukiutazama ukurasa huo utaona mchezo wake: okestra inajenga jambo zito, na kabla halijafika linapokwenda linadakwa na upuuzi. Kichekesho kiko hapo, si kwenye maneno. Kwa hiyo Kiingereza chako kikiwa cha kubahatisha hukosi kitu kikubwa. Hata wenye lugha yao hawaambulii kisa kamili katika habari zile za farasi wadogo na nguruwe. Kosa la kawaida hapa ni kuruka mazungumzo ili kuufikia muziki. Ukiyaruka, okestra inabaki bila wa kumtania.

Mara ya tatu fuata tuni. Upande wa kwanza una moja inayojitokeza, ikapotea, kisha ikarudi. Iimbe kwa mdomo mpaka uizoee, halafu uisake. Sehemu ngumu zaidi ni zile za ala za kupuliza zisizo na mdundo wa kushika. Hapo acha kutafuta tuni, sikiliza rangi ya sauti tu, ipi nzito, ipi kali. Zappa alimhusudu sana mtunzi Edgard Varèse, na hapo inasikika.

Upande wa pili ni mwepesi kidogo. Kabla ya kuufikia, sikiliza wimbo Take Your Clothes Off When You Dance kutoka albamu pacha, We're Only in It for the Money, ya mwaka huohuo. Tuni yake ndiyo inayofunga Lumpy Gravy, safari hii bila maneno, nyepesi kama muziki wa matangazo. Asiyeijua huiona kama kipande kingine tu cha ovyo. Anayeijua hucheka kwa sauti.