Usiuze Besi Yako Kabla ya Kubadilisha Nyuzi

Barua za mwezi huu zimenifurahisha, maana tatu zinahusu gitaa la besi, chombo nilichokishika kwa miaka thelathini na moja na ambacho bado nakitengeneza kwenye baraza yangu hapa Kamalondo, Lubumbashi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inagusa jambo ambalo mimi mwenyewe liliniumiza.

*Mzee, jambo sana. Ninapiga besi katika korali ya parokia yetu, Katuba. Besi yangu ni nakala ya Precision, besi ya Fender, nyuzi nne, niliinunua miaka sita iliyopita. Juzi binamu yangu alirudi kutoka Ndola na besi ya aina nyingine ya Fender, Jazz Bass. Tulizijaribu kwenye ampli (kikuza sauti) moja. Yake ilisikika noti kwa noti hadi kifuani. Yangu ilikuwa kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Duka moja mjini lina besi kama yake kwa dola 320. Niuze yangu niongezee?*
*Msomaji wa Katuba*

Mdogo wangu, umeniandikia kuhusu mbao, rangi na bei, lakini hukusema nyuzi zako zina umri gani. Nadhani ni zilezile ulizozikuta dukani. Uzi wa besi una kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwingine, na katikati ya mizunguko hiyo jasho, vumbi na kutu hujaa polepole. Uzi ukishajaa hivyo bado utatoa noti yake ya chini, ila zile sauti ndogo za juu zinazoipa noti sura yake hunyamaza. Hilo ndilo blanketi lako. Binamu yako, kama amenunua karibuni, alikuja na nyuzi mpya. Kwa hiyo siku ile hamkulinganisha besi mbili. Mlilinganisha nyuzi za miaka sita na nyuzi za mwezi mmoja.

Jambo la pili ni nguvu ya sauti. Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walipima masikio ya watu wakatoa matokeo yao mwaka 1933: sikio letu husikia vibaya sauti nzito zikiwa ndogo, na ukiongeza nguvu, zile nzito hukua sikioni haraka kuliko nyingine. Maana yake, besi inayotoa umeme mwingi kidogo kuliko mwenzake itaonekana nene zaidi, tamu zaidi, hata kama hakuna kingine cha kuzitofautisha. Wauza maduka wanalijua hili vizuri.

Mimi nililipia elimu hiyo. Nikiwa kijana niliingia dukani, besi mpya ilikuwa imeunganishwa kwenye ampli kubwa kuliko kitanda changu. Nilipiga noti tatu, nikarudi nyumbani nikauza ya kwangu kwa jirani wa Kampemba. Ile mpya, kwenye ampli yangu ndogo, haikuwa na lolote. Miezi baadaye nilikuwa kwenye harusi, nikasikia besi inaimba hadi nikasimama kumtafuta mpigaji. Ilikuwa besi yangu. Jirani alikuwa ameweka nyuzi mpya, basi. Mpaka leo inaniuma.

Fanyeni hivi. Wekeni nyuzi za aina moja na umri mmoja kwenye besi zote mbili. Fungueni vifundo vya toni vyote, na ampli iachwe palepale bila kuguswa. Pigeni uzi wa la (A) ukiwa wazi, mkirekebisha kifundo cha sauti cha besi yenye nguvu mpaka zote mbili zilingane. Kisha binamu yako apige zote, wewe ukiwa umegeukia ukuta, na baadaye mbadilishane, kwa sababu vidole ni nusu ya sauti. Wala usitembee chumbani mkiwa mnajaribu. Noti ya mi (E) ya chini ni mitetemo 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Chumba chako cha Katuba hakifiki hapo, kwa hiyo besi itanona kwenye kona na kukonda katikati, na hatua mbili tu zitakudanganya kuliko mbao zote za duniani. Rekodi za simu usizitegemee kabisa, maana spika ndogo ile haiwezi kutoa mi ya chini.

Baada ya hapo, tofauti itakayobaki ni ya kweli, na ipo. Mtengeneza magitaa wa Marekani, Leo Fender, alitoa Precision mwaka 1951, na tangu 1957 ina mikro moja iliyokatwa vipande viwili. Jazz Bass ilifuata mwaka 1960 ikiwa na mikro mbili, moja karibu na shingo, nyingine karibu na kidaraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini. (Mikro ni zile sumaku chini ya nyuzi, ndugu zetu wa Dar es Salaam huziita pikapu.) Sisi wa Lubumbashi tungepaswa kuzielewa kuliko watu wote: ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, na sumaku zake mara nyingi ni mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Shaba na kobalti! Ninapoilehemu mikro iliyokatika, huwa nafikiria hilo.

Mahali mikro ilipo ndipo sauti inapoamuliwa. Gusa uzi karibu na kidaraja: unatetemeka kidogo sana, na mikro ya hapo husikia zaidi zile sauti za juu, kavu, zenye makali. Sogea kuelekea shingoni na unene unaongezeka. Jazz Bass ikifunguliwa mikro zote mbili, sauti mbili hizo hufutana kiasi fulani katikati, yaani kwenye sauti za kati, ndiyo maana inasikika safi, na chini na juu pamejaa. Precision haina pengo hilo. Katikati yake pamesimama imara, na ukiwa nayo peke yako chumbani unaweza kuiona nzito mno. Ila weka magitaa ya solo, mi-solo na akompa pamoja na ngoma, halafu usikilize ni ipi bado inasikika. Kwenye sebene, ile sehemu ya rumba ya kuchezesha watu, ambapo besi inarukaruka na kukata, mimi huchukua Jazz na kuitegemea mikro ya nyuma. Kwa korali ya watu arobaini na kinanda kimoja, ningebaki na Precision bila kusita.

Na nyuzi kuukuu si dhambi. James Jamerson, aliyepiga kwenye rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown huko Detroit, Marekani, miaka ya 1960, alitumia Precision yenye nyuzi laini, zile zilizofungwa kwa utepe bapa, na alizibadilisha kwa nadra sana. Alipiga kwa kidole kimoja cha shahada. Blanketi unalolilalamikia, yeye alilitaka, na alijua limetoka wapi.

Kwa hiyo nunua nyuzi tu, mdogo wangu. Ukishajaribu kwa haki na bado moyo uko kwa Jazz, au kama mkono wako ni mdogo na unapenda ile shingo yake nyembamba, yenye milimita 38 kule juu karibu na kichwa, nunua kwa amani.

*Mzee, besi yangu ina kifundo cha sauti nzito na cha treble (sauti za juu). Katikati ya ibada inaanza kukoroma, inafifia, halafu kimya. Nikirudi nyumbani inalia dakika chache. Imeharibika?*
*Mama wa Ruashi*

Hapana, mama, betri imekwisha. Besi yako ina ampli ndogo ndani yake, mtindo uliotangazwa sana na besi ya StingRay ya kampuni ya Music Man mwaka 1976, na hula betri ya mstatili ya volti 9. Kwenye besi nyingi za namna hiyo, kuchomeka kebo ndiko kunakowasha mtambo. Ukiiacha kebo ndani usiku kucha, betri inalika usiku kucha. Chomoa baada ya kila ibada, na uweke betri nyingine kwenye mfuko wa besi.

*Jambo Mzee. Jazz Bass yangu inanguruma nikipunguza mikro moja. Zote zikiwa wazi inatulia. Na kanisani kwetu kunguruma ni kwingi kuliko nyumbani.*
*Mpiga besi wa Kampemba*

Hiyo si hitilafu. Kila mikro ya Jazz inanasa umeme wa nyumba kama antena, lakini zimetengenezwa zipingane, hivyo zikifunguliwa sawasawa unguruma unafutana. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, karibu kabisa na sol (G) ya freti (kile chuma chembamba cha shingoni) ya tatu kwenye uzi wa mi, ambayo ni 49. Ndiyo maana unguruma huo unasikika kama umekosea ufunguo.

Kuhusu kanisani: sogea mbali na transfoma na taa za mirija, geuka kidogo na usikilize unapotulia. Ukigusa nyuzi unguruma ukipungua, basi waya wa ardhi wa besi yako unafanya kazi. Lakini ukisikia hata mchomo mdogo mdomoni unapogusa mikrofoni huku umeshika nyuzi, zima kila kitu, na asiguse mtu mpaka fundi wa umeme apime ardhi ya soketi ile. Wapo wanaokata pini ya ardhi ya ampli ili kunyamazisha unguruma. Usikubali kamwe, hata akikuambia ni kwa ibada moja tu.