Barua kwa mwanangu: habari za mjomba wako na posa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kwa nini miaka yote tukiwaambia wageni kwamba mjomba wako "yuko shamba", ilhali ni mgonjwa wa akili, na kama umweleze mchumba wako ukweli kabla watu wake hawajaja kuposa.

Hatukumwonea haya yeye. Tulikuwa tukiwalinda nyinyi wasichana. Hapa Unguja mtu hajaposa mpaka aulizie ukoo: dini yao, tabia zao, na kama wana wazimu. Ikijulikana mmoja wenu kalazwa Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, doa huwafuata mpaka wasiozaliwa. (Bara nako hutukanana kwa Mirembe, hospitali ya namna hiyo ya Dodoma, ni yaleyale.)

Ndiyo maana bibi yako alianzia kwa sheikh, na usimcheke. Mjomba alisomewa, akanyweshwa kombe la zafarani (aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji), akafukizwa ubani, majirani wakijua, na hakuna aliyeinamisha uso. Shetani hutoka nje: humpanda mtu, akashuka, na aliyepandwa halaumiwi. Wazimu watu husema uko damuni. Wewe ungemtakia ndugu yako lipi? Sheikh mwenyewe ndiye aliyesema apelekwe na hospitali, kwani dua na sindano hazigombani. Daktari akataja skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Tangu aanze sindano ya kila mwezi, zile sauti zimepungua, na msikitini anakwenda mwenyewe.

Stara unayoilaumu ndiyo iliyomweka nyumbani. Hajalala nje, hajala peke yake. Akitukana, tulisema si yeye, tukampakulia. Ila stara hiyohiyo huwafanya wengi wafike kwa daktari mgonjwa keshaharibika. Yote mawili ni kweli, nami sitaki uchague moja.

Kuhusu damu, wasemao hawakukosea kabisa, ila wanakuza mambo. Ugonjwa huu huwapata maishani kiasi cha mtu 1 katika 100. Mwenye mjomba mgonjwa hatari yake huzidi kidogo, lakini walio wengi kabisa hawaupati.

Basi mwambie, tena mwambie wewe, kabla mshenga hajafika na maneno ya barazani hayajamtangulia. Akirudi nyuma, heri arudi sasa.

Baba yako bado anashikilia kwamba mambo ya ndani hayatolewi nje. Huyo niachie mimi, wala usimpigie simu mpaka nikwambie.

Mama yako