Treina ya pesa kwenye Zero Hour: soma hapa kabla hujaiwasha

Mkuu, umeuliza kama utumie treina (programu ndogo ya kudanganya gemu) ya pesa zisizoisha kwenye Command & Conquer Generals Zero Hour, gemu la vita, maana Jumapili mnacheza watu wanne kwenye kompyuta zilizounganishwa kwa waya. Usiiwashe. Nimeshapita njia hiyo hapa Mwanga, Kigoma.

Treina haigusi faili za gemu. Gemu likiwa linacheza, inatafuta mahali pesa zako zilipoandikwa kwenye RAM (kumbukumbu ya kompyuta) na kuandika namba nyingine juu yake. Ndiyo maana treina ya toleo 1.02 la gemu inagoma ukishaweka 1.04: mahali pesa zinapoandikwa pamehama.

Ukicheza peke yako haina tatizo. Kwa waya ni habari nyingine kabisa. Kompyuta zenu hazitumiani majeshi, zinatumiana amri tu. Kila mashine inajipigia hesabu zake na majibu lazima yafanane. Mimi nilianza na 10,000 kama wenzangu, nikabonyeza F1. Kwangu zikasoma 100,000, kwenye mashine zao bado nina zile zile. Kambi ya pili haijaisha kujengwa, gemu likakatika kwetu sote wanne, likisema hesabu hazilingani. Tulikuwa tumeshalipia saa mbili za kucheza. Jamaa mmoja alikuwa ametoka Ujiji kwa bodaboda kwa ajili ya mechi ile. Hakusema neno, alivua tu hedifoni, akazungusha waya wake taratibu na kuuweka mfukoni. Mpaka leo ile picha inaniuma.

Halafu kuna antivairasi. Treina nyingi zinakutaka uizime kwanza, kwa kuwa kuandika kwenye kumbukumbu ya programu nyingine ndicho virusi vinachofanya pia. Ukishaizima, huna namna ya kujua flashi ya mtu imebeba kipi.

Ila hasara kubwa kwangu ilikuwa mikononi. Miezi nacheza na treina, sikujua kama ghala la vifaa huwa linaisha! Siku nilipocheza bila treina, wenzangu waliochagua jeshi la China kwenye gemu walikuwa wameshapanga wadukuzi wao wanaingiza pesa taratibu, waliochagua jeshi la GLA wana Black Market, jengo linaloingiza pesa, mimi nashangaa kwa nini siwezi kununua hata kifaru kimoja.

Kama bado ni mgeni, chukua GLA. Majengo yao hayahitaji umeme, kwa hiyo hakuna atakayekuzimia kambi kwa kulipua mtambo. Pesa za mwanzo weka kwenye wafanyakazi wa ghalani kabla ya askari. Niambie mnachezea ramani gani, nikuandikie mpangilio wa dakika tano za kwanza.